Pingili kumi na mbili kutoka Kibosho

Kaburi la Bibi lipo chini kidogo ya nyumba, katikati ya migomba, na upande wa kichwa pana mwaridi. Haukupandwa kwa ajili ya kaburi. Ulikuwepo pale kando ya mfereji tangu mimi ni mtoto, na Bibi mwenyewe ndiye aliyesema siku yake ikifika alazwe karibu nao. Maua yake ni ya pinki iliyopauka, yamejaa petali hadi ua linainama kwa uzito, na harufu yake inakupokea ukiwa bado njiani, hasa asubuhi kabla jua halijapanda juu ya migomba. Jina lake la kitaalamu hakuna aliyewahi kuliuliza. Kwetu Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ni waridi la Bibi.

Krismasi ya mwaka 2021 tulikuwa wote nyumbani, na baba mkubwa akatangaza kwamba kabla ya Krismasi inayofuata kaburi litajengewa: zege, marumaru na msalaba. Ni jambo jema na nilitoa mchango wangu siku ile ile. Ila fundi alipokuja kupima, kamba yake ilipita upande wa pili wa mwaridi. Maana yake mwaridi ulikuwa ndani ya zege.

Nikamwambia baba mkubwa, "Baba, huu mti wa Bibi utakwenda wapi?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, maua yanapandwa mengine. Wewe si unakaa huko Arusha kwenye maua?"

Sikubishana naye. Tarehe 27 asubuhi nikashuka na kisu cha jikoni, nikakata pingili kumi na mbili, yaani vipande vya matawi vya kupanda, nikazifunga kwenye gazeti lililoloweshwa maji, nikapanda Hiace mpaka Moshi mjini na kutoka pale nikachukua basi la Arusha. Njia nzima, kilomita kama 80, nilizipakata mapajani. Nilikuwa na hakika moyoni kwamba kazi ngumu ilikuwa ni kuzikumbuka, na kwamba mengine udongo utajua.

Kufikia katikati ya Februari pingili zote kumi na mbili zilikuwa zimekufa.

Nitayasimulia makosa yangu kwa kirefu, kwa sababu tangu hapo nimeyaona yakirudiwa na karibu kila mtu aliyekuja kwangu kuuliza kuhusu mawaridi. Nilikata matawi yoyote yaliyonivutia: mengine manene, makongwe, yenye gome la kijivu, na mengine laini yaliyokuwa na vichomozo vya maua juu. Nilijaza ndoo udongo mweusi na samadi ya mbuzi nusu kwa nusu, kwa kuwa nilitaka zipate chakula cha kutosha. Ndoo nikaiweka kwenye baraza inayotazama magharibi, na Januari ya Arusha, hasa baada ya saa nane mchana, si jua la kuchezea. Nilimwagilia asubuhi, mchana na jioni. Na kila Jumamosi nilivuta moja kidogo kuona kama imeshika.

Wiki ya pili zikachipua. Vijani vidogo vyekundu vilijitokeza kwenye pingili nane, nikapiga picha na kuituma kwenye kundi la ukoo, shangazi yangu akaandika "Bibi amerudi". Wiki mbili baadaye vijani vile vililala vyote kwa siku moja, na nilipong'oa pingili nikakuta chini ni nyeusi, laini, inanuka kama maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chombo. Hakukuwa na mzizi hata mmoja. Kumjibu shangazi kulinichukua siku tatu.

Jirani yetu ni mama mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya maua upande wa Usa River. Watu wa nje wanaijua Arusha kwa mbuga na mlima Meru, lakini kuanzia Tengeru hadi Usa kuna familia nyingi zilizosomesha watoto kwa maua, tangu kilimo hicho kilipoanza kushika mizizi mwishoni mwa miaka ya 1980. Na si maua yaliyochanua tu. Kuna mashamba ambayo zao lake ni pingili zenyewe: vichomozo vya krisantemu vinavyokatwa bila mizizi, vinapangwa kwenye maboksi, vinasafirishwa kwa ndege vikiwa vya baridi na kwenda kuoteshwa mizizi Ulaya. Mama huyu kazi yake ilikuwa hiyo ya kukata. Alinikuta nimechuchumaa mbele ya ndoo yangu.

"Umezipa nini?"

"Samadi, dada. Ya mbuzi, imeiva vizuri."

Akaokota pingili moja, akaigeuza, akaikagua pale chini ilipokatwa. "Mdogo wangu, hii mdomo wake uko wapi?"

Swali hilo ndilo lililonifundisha kuliko yote niliyosoma baadaye. Mmea unakula na kunywa kwa mizizi, na pingili haina mizizi. Chakula cha samadi hakiwezi kuufikia mti usiokuwa na mdomo. Kinachofika pale kwenye kidonda ni chumvi za mbolea na vijidudu vya kuozesha. Pingili haina njaa, kwa sababu imekuja na akiba yake ya wanga ndani ya kijiti. Shida yake ni kiu. Majani yanaendelea kupoteza maji hewani kama kawaida, huku chini hakuna anayeyarudisha isipokuwa kile kidogo kinachopanda kupitia mkato. Kwa hiyo wiki sita au nane za mwanzo kazi yako si kuilisha. Kazi yako ni kuhakikisha haikauki na haiozi mpaka itengeneze mdomo wake yenyewe. Yote mengine, kuanzia mchanga hadi chupa, yanatoka hapo.

Nikiwa na swali hilo kichwani nilianza kuelewa hata wiki ile ya vijani vyekundu. Jicho la pingili linaweza kuchipua kwa akiba iliyomo ndani ya kijiti, bila mzizi wowote chini. Majani mapya ya wiki ya pili hayathibitishi kitu. Kinyume chake, yanakula akiba na kuongeza sehemu za kupotezea maji, na ikiwa mizizi haijafika kwa wakati, pingili inaanguka ghafla. Leo mtu akinitumia picha ya pingili yake imechipua ndani ya siku kumi, namwombea, lakini simpongezi bado.

Pasaka ya 2022 iliangukia tarehe 17 Aprili, masika yakiwa yamekolea. Nilikwenda Kibosho na mkasi wa kupogolea niliokuwa nimeupangusa kwa spiriti, na safari hii nilitumia karibu saa nzima kuuangalia mti kabla ya kukata.

Tawi linalofaa ni lile ambalo ua lake limetoka kupukutika petali, au linakaribia kupukutika. Lililo changa zaidi ya hapo ni laini, linaoza. Lililo kongwe limekuwa kuni na linachelewa mno kuota, au halioti kabisa. Unene uwe kama penseli. Kuna kipimo alichonionyesha yule mama ambacho sijakiona kikikosea: sukuma mwiba upande kwa kidole gumba. Ukikatika safi, "tak", tawi limeiva. Ukipinda bila kukatika, bado. Ukigoma kabisa au ukichuna gome, umechelewa.

Nilikata alfajiri, kabla ya jua, kwa sababu usiku ndipo mti unapojaza maji. Kila pingili ilikuwa na urefu wa kati ya sentimita 15 na 20, yenye macho manne hivi. Mkato wa chini uwe karibu kabisa chini ya kifundo, pale jani linapochomoza, kwa kuwa pale kwenye kifundo ndipo mizizi inapopenda kutokea. Mkato wa chini naukata kwa mshazari na wa juu naukata sawa, ili nisije nikaipanda kichwa chini. Pingili iliyogeuzwa haioti. Majani ya chini yote niliyaondoa, juu nikaacha mawili, na hayo nayo nikayapunguza nusu. Kuyaondoa yote ni kosa ambalo wengi hulifanya wakidhani wanaokoa maji. Majani yale ndiyo yanayoendelea kutengeneza sukari, na kwenye macho na majani ya juu ndiko inakotoka homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka na kujikusanya chini kwenye mkato na kuziamuru chembe za pale zianze kujigawa. Kwanza hufanyika kovu jeupe lenye vinundu, kisha, mambo yakienda vizuri, mizizi inachomoza kwenye kovu au kando yake.

Ule unga wa kuotesha mizizi unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo ni oksini ya jamii hiyo hiyo iliyotengenezwa kiwandani. Unasaidia, unaharakisha na kuongeza idadi. Si lazima. Mimi nilichovya kumi, na kumi nyingine nikaziacha, na zote kumi za kuacha nilizikwangua gome upande mmoja kama sentimita mbili kutoka chini, kuongeza sehemu ya kidonda. Tofauti ilikuwepo, lakini haikuwa ya kunifanya nimwambie mtu asiye na hela kwamba hawezi kuotesha waridi. Asali, ambayo inasifiwa sana, haina oksini. Inazuia bakteria kidogo tu. Na kiazi! Naomba kwa dhati: usichomeke pingili ya waridi kwenye kiazi. Kiazi kinaoza, na kikioza kinaoza pamoja na ulichokichomeka. Nimeshashuhudia mama mmoja pale mtaani akipoteza matawi ya mwaridi uliokuwa umebaki mmoja tu, kwa kuamini video ya dakika moja.

Wakati nakata, mama mdogo alikuwa amesimama juu kwenye ngazi na kikombe cha chai. Akaniuliza kwa nini nahangaika hivyo. Nikamweleza mambo ya kiu, mdomo, unyevu, kivuli. Akasikiliza, akaweka kikombe chini, akanishika mkono na kunipeleka nyuma ya zizi, pale mfereji unapopinda.

"Bibi yako alikuwa anachomeka hapa. Akipogoa, vijiti haachi vitupwe. Anachomeka hapa kama sale, halafu anaondoka."

Nilisimama pale muda mrefu. Sisi watu wa mlimani tumekua na sale. Ni mmea wa mpaka kati ya kihamba (shamba la ukoo linalozunguka nyumba) na kihamba, na jani lake ndilo unalolibeba unapokwenda kuomba msamaha kwa uliyemkosea. Hakuna anayefundishwa kuuotesha. Unakata kijiti, unachomeka, kinashika. Kwa hiyo kwa Bibi hapakuwa na jambo la ajabu kumfanyia mwaridi vile vile. Lakini mwaridi si sale, ni mgumu zaidi, na nilipoangalia mahali penyewe nikaelewa kwa nini ulimkubalia. Juu, majani ya migomba yanachuja jua hadi linabaki madoamadoa. Chini kuna tabaka la majani makavu yanayoiweka ardhi ikiwa na unyevu. Mfereji unapita hatua mbili, hewa ya pale haikauki hata Januari. Udongo wa volkano wa mlimani unapitisha maji vizuri, hautuami. Na hakuna mtu anayepita kuvuta. Chupa yangu ya plastiki, mchanga wangu, kivuli changu, vyote vilikuwa namna ya kuiga kona moja ya kihamba ndani ya yadi ya nyumba ya kupanga Arusha.

Nilirudi na pingili ishirini.

Mchanganyiko wa safari hii ulikuwa mchanga wa mto nusu na maganda ya mpunga yaliyochomwa nusu. Mchanga ni ule ule wa wajenzi, ila uoshe mpaka maji yatoke meupe, maana vumbi lake linaganda kama saruji. Maganda ya mpunga kwetu si shida. Kwenye mashine za kukoboa za Chekereni, kwenye skimu ya umwagiliaji ya Moshi ya chini, yako milima. Yachome polepole mpaka yawe meusi, kisha uyazime kwa maji kabla hayajawa majivu. Yakiwa meusi hivyo ni mepesi, yanashika unyevu bila kutuamisha, na moto umekwisha kuua vimelea. Hakuna mbolea humo, na ndivyo inavyotakiwa.

Nilitumia vikombe vya plastiki angavu, vile vya sherehe, nikavitoboa chini matundu matano. Uangavu ni jambo muhimu kwa mtu mwenye mikono isiyotulia kama yangu ilivyokuwa: mizizi ikifika ukingoni unaiona bila kugusa. Mwanga ukiachwa muda wote unaotesha mwani, kwa hiyo kikombe kile nilikiingiza ndani ya kopo lisilopitisha mwanga, nikawa nakitoa mara moja kwa wiki kukagua. Tundu la kupandia litobolewe kwanza kwa kijiti, ili kidonda kisikwanguliwe na mchanga. Macho mawili yaingie chini, mawili yabaki juu. Unabana kwa vidole, unamwagilia mara moja kwa upole, basi.

Juu yake, chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako. Zamani tungefunika kwa mfuko wa rambo, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na kusema kweli chupa ni bora zaidi, kwa sababu ina kifuniko. Kila asubuhi unafungua kifuniko dakika kumi hewa ibadilike, unafunga. Ukiona matone ndani ya chupa, usimwagilie. Hili liliniwia gumu kuliko yote. Zilipita siku tisa bila mimi kuongeza maji hata kijiko, na kila siku nilihisi nazitendea ubaya.

Vikombe nilivipanga upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana, chini ya mparachichi wa mwenye nyumba. Mwanga uwepo wa kutosha kusoma gazeti, lakini jua lenyewe lisigonge chupa. Chupa ikipigwa na jua inakuwa sufuria.

Wiki tatu za mwanzo nne zilianza weusi kutoka chini, nikazitoa mara moja na kuosha kila kitu kilichozigusa. Masika yana neema yake na yana ukungu wake. Nyingine tatu zilifanya kile kile cha Januari, zikachipua na kulala. Mbili zilibaki kijani zaidi ya miezi miwili, na nilipozifungua zilikuwa na kovu kubwa jeupe bila mzizi. Hutokea, kovu si mzizi, na nyingine huishia hapo. Baridi pia ilichangia. Mizizi ya waridi inataka joto la nyuzi 20 hadi 25, na Arusha ya Mei na Juni, usiku, haina joto hilo. Rafiki yangu wa Pasua, Moshi mjini, ambako ni chini na kuna joto, aliotesha zake kwa wiki tano. Zangu zilichukua saba kabla sijaona uzi wa kwanza mweupe ukipita kwenye ukuta wa kikombe.

Ilikuwa Jumapili ya mwanzo wa Juni. Nilimwita mke wangu aje athibitishe kwamba si nyuzi za ukungu. Akainama, akasema, "Huu ni mzizi. Ona, una ncha." Mwisho wa mwezi zilikuwa kumi na moja.

Hapa ndipo watu wengine wanapozipoteza zilizokwisha kupona, kwa furaha. Pingili iliyoishi wiki nane ndani ya unyevu ina majani ambayo hayajawahi kujikinga na hewa kavu. Ukiondoa chupa kwa mara moja, inakauka mbele ya macho yako ikiwa na mizizi yake. Nilifungua kifuniko moja kwa moja kwa siku nne, kisha nikawa nainua chupa jioni kwa muda wa saa moja, baadaye saa mbili, baadaye usiku kucha, mpaka siku ya kumi na mbili nikaziondoa kabisa. Ndipo nikazihamishia kwenye viriba vyenye udongo wa kawaida uliochanganywa na mboji kidogo. Sasa mdomo upo, sasa chakula kina maana. Samadi nilianza kuwapa Septemba, kidogo, mbali na shina. Vichomozo vya maua vya kwanza nilivikata vyote vikiwa kama punje ya mahindi, ili nguvu iende kwenye mizizi na matawi. Kukata cha kwanza kuliniuma. Niliweka kichomozo kile kwenye kitabu.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu waridi la kununua, lile la siku ya wapendanao. Unaweza kujaribu, lakini ujue unachokishika. Lile shina limekaa siku kadhaa kwenye baridi, limenywa dawa za kulihifadhi, na akiba yake imekwenda kwenye ua. Pia mbegu nyingi za kibiashara, yaani aina za mawaridi, hazikuzaliwa ili zisimame kwa mizizi yake. Mashambani hubebeshwa juu ya shina la mwaridi mwingine wenye mizizi shupavu. Huku Afrika Mashariki unaotumika sana unaitwa Natal Briar. Yule mama alinieleza walivyokuwa wakifanya: kipande kifupi cha waridi la biashara kinaunganishwa juu ya pingili ya Natal Briar ambayo nayo haijaota, kisha vyote vinawekwa kwenye unyevu, juu panaungana na chini panaota mizizi kwa wakati mmoja. Ni kazi ya mikono myepesi sana.

Hilo linaeleza pia malalamiko ninayoyasikia kila mara, kwamba "nilinunua rozi jekundu, sasa limegeuka". Halikugeuka. Tawi limechipua kutoka chini ya mahali palipobebeshwa, likakua kwa kasi kuliko lile la juu, na hatimaye mti wa chini ukachukua nyumba yote, ukatoa maua yake madogo. Matawi hayo yang'olewe yakiwa machanga, kutoka kabisa pale yanapoanzia, si kukatwa juu juu. Mwaridi uliooteshwa kwa pingili hauna tatizo hilo. Huo ni mti ule ule kuanzia mzizi hadi ua, na chochote kitakachochipua kutoka ardhini ni yeye. Gharama yake ni uvumilivu, kwa kuwa baadhi ya mbegu hubaki dhaifu kwa mizizi yake, hasa udongo ukiwa na minyoo fundo, ile inayoshambulia mizizi.

Na kama unawaza biashara, kumbuka kwamba mbegu mpya zinaweza kuwa na mwenyewe kisheria. Tanzania ina sheria ya haki za wagunduzi wa mbegu ya mwaka 2012. Kuotesha uani kwako kwa furaha yako si sawa na kuzalisha mamia ya miche ya mbegu iliyosajiliwa na kuiuza barabarani. Mawaridi ya zamani kama la Bibi hayana shida hiyo, na ndiyo yanayoota kwa urahisi zaidi, ndiyo yenye harufu, na ndiyo yanayopotea kwenye viwanja vyetu kila tunapomwaga zege. Nayasema haya nikiwa na uchungu. Zunguka Kibosho, Kilema, Machame, uangalie nyumba za zamani: karibu kila moja ilikuwa na mwaridi wake mlangoni, mama mmoja alimpa mwingine kijiti baada ya misa au ibada, na hakuna duka linaloiuza mbegu hiyo leo. Mti ukishakufa kwenye nyumba ya mwisho, umekwisha.

Desemba 2022 nilipanda na viriba vitano kwenye basi. Kingine nilikuwa nimempa yule mama jirani, na vitano vimebaki kwangu Arusha. Fundi alikuwa ameshaanza. Mwaridi ulikuwa umeng'olewa na kulazwa juu ya lundo la udongo, mizizi juu, na bado ulikuwa na ua moja lililofunguka. Nilijua nitalikuta hivyo, na hata hivyo nilikaa chini.

Baba mkubwa alikuja akasimama pembeni. Akaviangalia viriba, akainama akanusa kimoja kilichokuwa na ua, akanyamaza kidogo. "Ni lenyewe," akasema. Kisha akamwita fundi na kumwambia aache nafasi ya futi mbili upande wa kichwa, isiwekwe zege. Tukapanda miwili pale. Mmoja ukaenda mlangoni, miwili kando ya mfereji.

Jioni, wakati wanasafisha, mama mdogo alichukua panga akaenda kwenye lile lundo. Alikata vijiti kutoka mti uliong'olewa, sikuhesabu vingapi, vinene kwa vyembamba, hakupima mwiba wala kifundo. Akavibeba kwa kanga mpaka nyuma ya zizi, mfereji unapopinda, akavichomeka kimoja kimoja kwenye udongo chini ya migomba, akanawa mikono na kwenda kuwasha moto.

Nilirudi Pasaka iliyofuata. Saba vilikuwa na majani, ya kijani kilichokolea, yaliyokomaa. Nilichuchumaa pale mpaka nikaitwa chai. Sikuvuta hata kimoja.